Vibuyu vya Ruiri Vilivyosuguliwa kwa Sabuni

Muhula ulikuwa umeanza tu mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kunikaribisha chai, na hapo ndipo nikajua kuna jambo. Hakuwa mtu mchoyo, lakini chai yake siku zote ilikuwa na kazi. Alizungusha kijiko muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, kisha akaniambia kwamba kidato cha pili wangechagua masomo mwisho wa muhula, na kwa jinsi alivyowasikia wakizungumza, Historia isingepata watu wa kujaza darasa. Isipojaza darasa, ingeondolewa. Walimu walikuwa wachache na hakuweza kuniacha nikifundisha vijana wa kuhesabika huku darasa la Biashara likifurika.

"Utabaki na Kiswahili na Dini, madam," alisema. "Si ati unafukuzwa."

Nilimwambia Dini ningeifundisha vizuri sana, maana kila asubuhi ningekuwa naomba nisimpige mtu. Alicheka. Mimi sikuwa nikicheka. Niliinywa chai yake yote kwa sababu nililelewa kutoacha chai, nikatoka nje nikiwa nimefura.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, pale Ruiri, mahali ambapo upepo huingia darasani bila kubisha hodi na kukufunulia kitabu ukurasa usioutaka. Mimi si mzaliwa wa huko. Kwetu ni karibu na Gachoka, Mbeere, kwenye joto na mbuzi na mtama, na nilipoolewa Meru watu walinicheka matamshi yangu mpaka walipochoka wenyewe. Historia haikunishika kwa sababu ya tarehe. Ilinishika siku moja nilipokuwa chuo cha ualimu, tukapelekwa Nairobi kutazama jumba la makumbusho. Nilipita mbele ya kabati la kioo, nikaona ungo, kinu na kibuyu, vile vile vya mama, na chini yake kibao kidogo cha maelezo. Kwanza nilicheka peke yangu. Kisha nikasimama pale hadi wenzangu wakaniacha. Mama yangu, ambaye hakuwahi kufika hata Thika, alikuwa na vyombo ambavyo serikali ilivijengea nyumba na kuviwekea askari. Nilirudi chuoni nikitembea kwa maringo kama niliyerithi shamba.

Maringo hayo ndiyo niliyotaka kuwapa wanafunzi wangu, na hawakuyataka. Enzi hizo simu zilikuwa zimeanza kuingia mifukoni mwa watoto, na ulimwengu wote ulikuwa huko ndani. Nikizungumzia mambo ya kale, walinitazama kwa huruma, kama mtu anayesifu blanketi lake kuukuu. Kulikuwa na msichana mmoja hasa, wa kidato cha pili, aliyekaa safu ya mbele. Alikuwa hodari wa Kemia, mrefu, na ana mdomo. Naujua mdomo wa namna hiyo kwa kuwa ninao. Siku nilipotaja makumbusho, aliinua mkono kwa adabu zote.

"Madam, usikasirike. Lakini makumbusho si ni mochari tu? Kitu ikishakufa ndio inapelekwa huko. Watu wanapita, wanaangalia, wanaenda home."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Nilimwambia aketi, ambalo ndilo jibu la mwalimu aliyeishiwa. Lakini maneno yale yalinikaa kooni wiki nzima, na usishangae nikikuambia nilikuwa nikibishana naye hata nikikamua ng'ombe.

Basi ikawa kama bahati. Jumba la makumbusho la mjini Meru lilialika shule za eneo letu kwa siku moja ya maonyesho uani kwake. Kila shule ingeleta vyombo vya zamani kutoka nyumbani kwa wanafunzi, wavipange mezani na kueleza wageni. Niliandikisha shule yetu kabla mwalimu mkuu hajamaliza kusoma mwaliko. Yeye hakupinga. Alisema tu kwamba angekuja mwenyewe kuona, na wazazi wa bodi wangekuja pia, na kwamba siku ya kuchagua masomo ingekuwa wiki hiyo hiyo. Nilimwelewa. Maonyesho yakienda vibaya, somo langu ningelizika mimi mwenyewe mbele ya watu.

Niliwaambia kidato cha pili waende nyumbani wakaombe vibuyu, viti vya miguu mitatu, mizinga ya nyuki, vikapu vya kusuka viitwavyo vyondo, chochote cha nyanya zao. Niliwaambia wageni watakuwa wengi, na wakubwa. Hayo tu.

Walivileta siku chache kabla ya maonyesho. Nilikuwa nimesafisha meza mbili za maabara nikangoja kwa hamu. Wa kwanza kuingia alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa, kile Wameru wanachokiita kinya, na nilipokiona nilidhani amenunua kipya sokoni. Kilikuwa cheupe. Kiling'aa. Nilikiinua, nikanusa mdomo wake, nikapata harufu ya sabuni ya unga, ile ya kufulia mashati. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mama yake alikuwa amekisugua kwa steelwool mpaka mapambo ya nje yakafutika. Kikaja chondo kilicholowekwa kwenye dawa ya kung'arisha nguo, rangi zote zimekimbia. Kikaja kiti cha babu wa mtu, kiti kilichokuwa kimekaliwa mpaka kikawa na umbo la mzee mwenyewe, kimepakwa vanishi kikimetameta kama jeneza jipya.

"Nani aliwaambia mvioshe?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa chini, na wanafunzi waliokuwa wakinijua walirudi nyuma.

"Ni mum, madam," alisema mwenye chondo. "Alisema hawezi peleka kitu chafu kwa wageni, watu waseme hapa kwetu ni wachafu."

"Shosho wangu alikataa," mwingine akasema kuhusu nyanya yake, "lakini mum alimshinda."

Hapo ndipo ningekuwa mtu wa kulaumiwa kama ningewalaumu wanawake wale. Huku kwetu mgeni akitarajiwa, hata jiwe la mlangoni huoshwa. Mama akisikia chombo chake kinaenda mjini kutazamwa na wakubwa, hawezi kukipeleka na masizi ya miaka mingi, kama vile hawezi kumpeleka mtoto kanisani na kamasi. Kumbe masizi yale ndiyo yaliyokuwa kitu chenyewe. Weusi ule wa ndani uliwekwa na wanawake kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, kwa makaa na moshi, na ndio uliofanya maziwa yakae na yawe na ladha. Sasa ulikuwa umemwagwa na maji ya sabuni kwenye mifereji ya Ruiri yote.

Nilikasirika kweli. Niliwaambia wavirudishe nyumbani, hakuna maonyesho, na kama wanataka Biashara waende Biashara. Nilikaa kwenye kiti changu nikaanza kusahihisha insha za watu wengine, nikipiga mistari myekundu hata mahali pasipo na kosa. Nilisikia viatu vikiondoka kimoja kimoja. Nilipoinua macho, msichana wa mochari alikuwa bado amesimama pale na kibuyu kimoja mkononi, ananusa.

"Madam, hii haijaharibika," alisema. "Imeoshwa tu. Hata nyumbani kibuyu ikioshwa, shosho anairudisha."

"Anairudisha wapi?"

"Anaichoma ndani. Kuna mti yake. Mimi sijawahi fanya, lakini nimeona moshi." Akafikiri kidogo. "Na nikuulize, kwa nini maziwa haiharibiki huko ndani na kwa jerikeni inaharibika? Hiyo si ni Kemia?"

Nilimtazama. Niliweka kalamu chini. Sikumwambia kwamba moyo ulikuwa umeanza kunidunda, kwa sababu mwalimu hasemi mambo kama hayo, lakini ulidunda. Nilimwambia akimbie awarudishe wenzake kabla hawajafika barabarani.

Kazi ikaanza jioni ile ile nyuma ya jiko la shule. Tulivisuuza vibuyu kwa maji moto mpaka harufu ya sabuni ikakubali kutoka, tukavianika juani. Siku iliyofuata wanafunzi walikuja na vijiti vya mzeituni wa msituni, mti ambao nyanya zao walikuwa wamewaelekeza. Unawasha kijiti mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya kibuyu, unalisugua lile kaa ukutani kwa ndani, unafunika, unatikisa. Moshi mtamu unatoka mdomoni. Mimi, kwa kiburi changu cha Mmbeere, nilitaka waongeze mti wa kwetu wa nyanda za joto, ule aliotumia mama yangu. Nyanya wawili waliokuja kutuangalia walinicheka waziwazi.

"Huyo mwalimu anataka kutupikia maziwa ya mbuzi," mmoja alimwambia mwenzake kwa Kimeru, akidhani sikijui.

"Ninasikia, juju," nilimjibu kwa Kimeru hicho hicho, nikimwita nyanya kwa heshima ya huku.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kwa hiyo kibuyu kimoja kikachomwa kwa mti wa Mbeere, vingine kwa mti wa Ruiri, na wanafunzi wakaanza kubishana utamu utakuwa wapi. Sikuwahi kuwaona wakibishana kuhusu somo langu. Walikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Vijana waliokuwa wakitembea na nywele za kuchongwa walikuwa wamepiga magoti kupuliza kaa. Msichana wa Kemia alienda kumwomba mwalimu wake karatasi za litmasi za kupimia asidi, akajaza maziwa ya asubuhi moja kwenye kibuyu na kwenye jerikeni ndogo ya plastiki, akaviweka pamoja kwenye kona ya maabara. Kila siku alivichungulia kabla hata ya kunisalimu.

Kilichoshindikana ni kile kiti. Vanishi ilikataa katakata kutoka. Tulikichukua hivyo hivyo.

Siku yenyewe tulifika uani pa makumbusho mapema. Shule nyingine zilikuwa zimepanga vitu vyao vizuri kuliko sisi, vitambaa vyeupe mezani, na mbele ya kila kitu kikaratasi kilichoandikwa "Usiguse". Niliona aibu ikinipanda. Sisi tulikuwa na jiko la makaa, sufuria, vikombe vya plastiki, vibuyu vyetu, na jerikeni ambayo harufu yake ilikuwa imetangulia kutusalimia. Mwanafunzi mmoja aliniuliza na sisi tuandike nini. Kabla sijajibu, msichana wa mochari alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa herufi kubwa: "Guseni. Nuseni. Onjeni."

Mwanzoni walikuja watoto wa shule ya msingi, kwa sababu ya moshi. Kisha mama mmoja wa sokoni Kianjai, aliyepita tu kumsalimu mtoto wake, akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Hii ni harufu ya nyumba ya mama yangu." Akaomba kikombe. Maziwa yalikuwa mazito, yenye vijidoa vyeusi, makali kiasi cha kufinya jicho. Aliyamaliza akiwa amefumba macho, akaomba tena, akaenda kuwaita wenzake. Baada ya hapo sikuona tena mwisho wa foleni. Mwanafunzi mmoja alichoma kibuyu mbele ya watu, mwingine alimimina, mwingine alishikilia jerikeni na kuwaalika wenye ujasiri wanuse. Watu walinusa, wakaruka nyuma, wakacheka, wakarudi kwenye kibuyu. Vijana wa shule za mjini, wenye visikilizio masikioni, walivitoa ili wasikie.

"Hii iko asidi kuliko hii?" mmoja wao aliuliza.

"Zote ziko asidi," alisema msichana wetu, akichovya karatasi ya litmasi na kumwonyesha inavyogeuka nyekundu. "Lakini hii ya kibuyu, moshi na mkaa imezuia wale wadudu wabaya. Wale wazuri wamebaki. Shosho hakuwa na hii karatasi. Alikuwa na ulimi."

"Na nani alimfundisha?"

"Kuja nikuonyeshe."

Akamshika yule kijana mkono wa shati, akamwongoza ndani ya jumba, na kundi zima likamfuata. Nami nikafuata, nikijifanya naenda kutazama kitu kingine. Alisimama mbele ya kabati la kioo ambalo ndani yake kulikuwa na kibuyu cha zamani, cheusi, kimeshonwa ufa kwa uzi wa ngozi. Ninakumbuka alivyosogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Angalieni mdomo wake, ile nyeusi. Mtu aliichoma ndani mara nyingi sana, labda kila wiki, labda maisha yake yote. Halafu ikapasuka, na hakuitupa, aliishona, akaendelea kulisha watu wake. Hapa hawajaandika jina lake kwa sababu hakuna anayelijua. Lakini kazi yake mimi naijua. Nimeifanya jana. Mikono bado inanuka."

Akainua mikono yake wainuse. Na wakainusa, nakuambia, vijana wakubwa wale, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wametulia kuliko kanisani. Mimi nilisimama nyuma ya kibao cha matangazo nikilia bila haya yoyote. Nilikuwa nimetafuta jibu la mochari muhula mzima na mwenye swali ndiye aliyelipata, na lilikuwa bora kuliko lolote ambalo ningelitunga. Msimamizi wa jumba, mwanamke kijana aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimsogelea baadaye akamwomba awe akija siku za Jumamosi na wenzake kuwaonyesha watoto wanaotembelea. Msichana alimuuliza kama watakuwa wanaruhusiwa kuwasha moto. Aliambiwa uani, ndiyo.

Mwalimu mkuu alifika na wazazi wa bodi jua likiwa kali. Alikunywa kikombe, akanywa kingine. Akatafuta pa kukaa ili anywe cha tatu kwa starehe, akakiona kile kiti cha babu kinachometameta, akakikalia. Alipotaka kuinuka kusalimiana na mgeni, kiti kiliinuka naye. Joto lilikuwa limeiamsha vanishi. Wanafunzi waliuma midomo. Mzazi mmoja wa bodi alivuta kiti, mwingine akamvuta mwalimu mkuu, na suruali ikaachana na kiti kwa sauti iliyosikika mpaka getini. Nilimtazama nikijua sasa mambo yameharibika. Yeye alijigeuza, akajaribu kuona nyuma yake, akakuta alama ya duara, ya kahawia, imekaa pale vizuri kabisa.

"Madam," alisema, "sasa mimi pia ni maonyesho."

Alicheka mpaka akatoa miwani kufuta macho, na bodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Lakini kicheko si darasa. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba watoto wanaweza kufurahia siku ya matembezi kisha wakachagua Biashara kwa sababu wazazi wao wanataka Biashara. Siku ya kuchagua ilikuwa Ijumaa. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi: kengele inalia, kila mwanafunzi anabeba kiti chake na kukipeleka kwenye chumba cha somo alilolichagua. Mwalimu anangoja chumbani. Ni njia ya kikatili kidogo, kwa sababu unakaa ukisikia viti vikipita mlangoni pako kwenda kwa mwenzako.

Kengele ililia. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia chumba kilichokuwa kimeshafagiwa, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilisikia viti vikikwaruza varandani. Nilisikia vikipita. Nikafagia kwa nguvu zaidi. Nilijiambia kwamba Dini ni somo zuri, kwamba Kiswahili nakipenda, kwamba mtu anaweza kuzeeka vizuri na masomo mawili.

Kiti cha kwanza kiliwekwa sakafuni nyuma yangu. Sikugeuka. Kikawekwa kingine. Kisha miguu ya viti ikaanza kugongana, watu wakaanza kusukumana, mtu akalalamika kwamba amekanyagwa, na nilipogeuka sikuuona mlango. Ulikuwa umezibwa na viti vilivyoinuliwa juu ya vichwa. Msichana wa Kemia alikuwa mbele, ameshaketi.

"Wewe si ulisema unataka sayansi?" nilimuuliza.

"Kemia ni lazima, madam. Haichaguliwi. Hii ndio nimechagua."

Walijaa mpaka ukutani, na waliobaki nje wakasimama kwenye varanda wakichungulia madirishani na viti vyao mikononi. Mwalimu mkuu alikuja kuona fujo ni ya nini. Alitazama chumba, akatazama varanda, akanitazama mimi na ufagio wangu. Alisema chumba hakitatosha na kwamba itabidi Historia igawanywe madarasa mawili, na kwamba hana mwalimu mwingine wa kunisaidia.

"Itabidi ufunze kila kitu mara mbili," alisema.

Nilifunza kila kitu mara mbili mpaka nilipostaafu, na katika miaka hiyo yote hakuna siku hata moja niliyoomba kupunguziwa vipindi.